Honda S2000: Bei ya Mnadani na Chumvi ya Raskazone

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu mliokaa mbele, mafundi wa Ngamiani na Chumbageni, na nyinyi vijana mlioegemea ukuta, asalaam aleikum.

Tumeombwa tuseme kama Honda S2000 ni mahali pa kuweka pesa. Jibu tulitoe mapema, ili anayewahi swala ya Adhuhuri aondoke na chake: kwa mtu wa Tanga gari hili linaweza kuzitunza pesa, lakini kuzizalisha ni vigumu. Anayebaki na nafasi ni mmoja, yule anayelikuta limeshalipiwa ushuru hapa nchini, liko kama lilivyotoka kiwandani, na nyumbani kwake pana banda kavu. Wenye haraka wameshajibiwa. Waliobaki tukae tupige hesabu.

Honda walionyesha mfano wa gari hili kwenye maonyesho ya Tokyo mwaka 1995, wakaanza kuliuza 1999, wakafunga kazi 2009. Mhandisi wake mkuu alikuwa Shigeru Uehara, yuleyule aliyesimamia NSX, gari jingine la michezo la Honda. Yalitengenezwa takriban 110,000 dunia nzima, na zaidi ya nusu yalikwenda Marekani yakiwa na usukani wa kushoto. Kwa hiyo yale yanayotufaa sisi, ya usukani wa kulia, ni fungu dogo, na fungu hilo tunaligombea na Mwingereza, Mwaustralia na Mjapani mwenyewe. Viti 2, gia 6 za mkono, otomatiki haikuwahi kuwepo, nguvu zinakwenda magurudumu ya nyuma. Injini yake, F20C, ni ya sisi (cc, yaani ukubwa wa injini) 1,997 bila tabo, na toleo la Japani linatoa nguvu farasi 250 huku mshale ukipanda mpaka mizunguko 9,000 kwa dakika. Injini ya namna hiyo haitengenezwi tena, na hapo ndipo bei yake ilipoota mizizi.

Sasa majina, maana madalali wanayachanganya, wengine kwa makusudi. AP1 ni lile la sisi 1,997. AP2 ni lile la 2,157, ambalo Marekani walianza kuliuza kama gari la 2004, lakini Japani lilifika mwishoni mwa 2005. Gari la Japani la 2004 lenye rimu za inchi 17 na taa mpya bado ni AP1. Usibishane na mtu, soma namba ya chesisi: herufi za mwanzo kabla ya kistari zitakwambia. Tofauti hii si ya mapambo tu. Ina ushuru ndani yake, na tutaifikia.

Bei kwanza. Likiwa jipya, mwaka 1999, Japani lilianzia yeni 3,380,000, na Marekani dola 32,000 hivi. Baada ya hapo likashuka kama gari lolote lililotumika, likatulia miaka mingi, kisha likaanza kupanda. Kilele kilikuwa 2021 na 2022, wakati riba Marekani ziko chini na watu wamefungiwa ndani na pesa zao. Mwaka 2022 gari moja la toleo la CR (Club Racer, la uwanja wa mbio), lililokuwa limetembea maili 123 tu, liliuzwa mnadani Marekani kwa dola 200,000. Picha zake zilizunguka kwenye simu za watu mpaka huku kwetu, na tangu siku hiyo kila mwenye S2000 anadhani ana nyumba barabarani. Sasa tazameni vizuri. CR zilitengenezwa chini ya 700, zote za Marekani, usukani kushoto, na lile halikuwa limeendeshwa. Bei yake haisemi lolote kuhusu AP1 ya 2001 yenye kilomita 140,000 iliyoegeshwa Kange.

AP1 ya kawaida, safi lakini ya kuendeshwa, huko Marekani inacheza kati ya dola 20,000 na 35,000 kufuatana na hali yake. Chukua 30,000. Inaonekana imerudi kwenye bei yake ya upya, si ndiyo? Lakini dola 32,000 za mwaka 2000, ukizipandisha kwa mfumuko wa bei wa Marekani, mwaka 2024 zilikuwa karibu dola 58,000. Aliyelinunua jipya akalitunza miaka 24 amepoteza karibu nusu ya thamani halisi, hapo hatujahesabu oili wala bima. Faida waliipata walionunua katikati, gari lilipokuwa chini kabisa na hakuna aliyelitaka. Nafasi hiyo imepita.

Tuje kwenye ushuru, ambao ndio unaoamua mambo kwetu. Chukueni mfano wa gari lililofika bandarini, pamoja na nauli ya meli na bima, kwa dola 20,000. Ushuru wa forodha ni asilimia 25: dola 5,000. Ushuru wa bidhaa kwa injini isiyozidi sisi 2,000 ni asilimia 5 ya jumla hiyo ya 25,000: dola 1,250. Gari limepita miaka 10, linatozwa ushuru wa uchakavu wa asilimia 30: dola 7,500. Kisha VAT asilimia 18 juu ya vyote hivyo, yaani juu ya 33,750: dola 6,075. Jumla dola 19,825, kabla ya makato madogo ya forodha na reli, kabla ya wakala, kabla ya namba. Gari la 20,000 limekuwa la 40,000.

Likiwa AP2, sisi zake 2,157 zinalitoa kwenye asilimia 5 na kulipeleka kwenye 10, na hesabu inaongezeka dola 1,475 kwa tofauti ya sisi 160. Kwa injini yenye mizunguko michache zaidi! Anayeagiza kwa ajili ya thamani, achague AP1 na aweke akiba hiyo kwenye bushi.

Mambo matatu juu ya hesabu hiyo. TRA hawalazimiki kuifuata risiti yako. Wana thamani zao kwenye mfumo, na kikokotoo kiko wazi kwenye tovuti yao, kiulize kabla hujatuma yeni hata moja. Na viwango hubadilika na bajeti ya kila Juni, kwa hiyo karatasi ya mwaka jana isikuongoze. La tatu ndilo zito: kodi uliyolipa hairudi. Ukitaka kesho kulipeleka gari Uingereza, mnunuzi wa kule atakulipa bei ya kule, na zile dola 19,825 zimebaki serikalini. Kwa hiyo soko lako ni Tanzania, na Watanzania wanaotaka gari la viti 2 lenye gia za mkono wanahesabika.

Mtasema, mbona Horohoro ipo karibu, tuwauzie Wakenya? Kenya haisajili gari lililotoka nje likiwa limepita miaka 8 tangu usajili wa kwanza. S2000 za mwisho ni za 2009; mlango huo ulifungwa 2017. Zilizoko Kenya ziliingia zamani, ndiyo maana wenzetu wanazithamini kuliko sisi. Mlango wa kuwauzia umefungwa, na wa kuvusha kwa ujanja ni wa mahakamani.

Basi aliyekuta gari hapa nchini, limelipiwa ushuru zamani na mtu mwingine, ameikwepa ile nusu ya gharama kihalali. Tatizo ni kwamba mengi ya hayo yameguswa. Yamewekwa bampa za plastiki, springi zimekatwa, eksozi ya kelele, tabo ya kubandika, usukani wa dukani. Dunia nzima S2000 iliyobadilishwa huuzwa kama gari kuukuu, na isiyoguswa huuzwa kama kito. Anayekuambia "nimetumia milioni 15 kuipamba" anakupa sababu ya kupunguza bei. Muulize vile vitu vya asili viko wapi. Kama bado ameviweka stoo, rimu, eksozi, usukani, springi, hapo kuna mazungumzo.

Sasa tushike chuma. Hizi bolti mbili zipitisheni, mmoja baada ya mwingine, na zirudi mezani tafadhali. Zote mbili ni bolti tundu zinazopeleka oili kwenye vipuli vinavyorusha oili chini ya pistoni kuzipoza. Hii ya kwanza ina matundu mawili. Ndiyo iliyofungwa kwenye injini za mwanzo. Hii nyingine ina manne. Honda walibadilisha baada ya kuonekana kwamba injini za mwanzo, zikiendeshwa kwa kasi kubwa muda mrefu, oili haitoshi, na silinda namba 4 ndiyo huumia kwanza: ukuta wake unakwaruzwa, gari linaanza kula oili. Mkipima kompresheni ya injini ya 1999 mpaka 2001, namba 4 ikiwa chini ya wenzake, msikubali maneno ya "ni ringi tu". Bolti zenyewe si ghali. Kuzifikia ndiyo kazi, maana ni kufungua chini ya injini, kwa hiyo ukishusha sampu kwa sababu nyingine yoyote, zibadilishe hapohapo.

Injini hii hula oili kidogo hata ikiwa nzima. Inachukua lita 4.8 pamoja na filta, daraja la 10W-30 kwa kitabu. Ipime kila unapojaza petroli. Nyingi zilizokufa zilikufa kwa kukosa oili, mwenyewe akiwa amezoea Toyota inayosamehe.

Taimingi yake ni ya cheni, haina mkanda wa kubadilisha, lakini tenshena ya cheni hiyo huchoka. Utasikia asubuhi injini ikiwa baridi, au ikizunguka kati ya 2,000 na 3,000, mlio kama kokoto ndani ya kopo la maziwa, upande wa mbele. Si msiba, hubadilishwa bila kushusha injini. Lakini ni hoja nzuri ya kupunguza bei, na muuzaji anayesema "ndivyo zinavyolia zote" amesema kweli nusu.

Valvu ndizo zinazodanganya watu. Nafasi za kuingizia ni milimita 0.21 mpaka 0.25, za kutolea 0.25 mpaka 0.29, na hupimwa injini ikiwa baridi kabisa. Kwa joto letu la Tanga hiyo maana yake gari limelala usiku kucha, siyo lile lililoletwa gereji saa 5 likapumzishwa kwa chai. Kadiri linavyotumika, valvu za kutolea huzama na nafasi hupungua, na valvu iliyobana haipigi kelele. Ndiyo maana injini kimya sana tunaiogopa kuliko ile inayotiktika kidogo. Fundi anayekaza valvu mpaka kelele iishe anakuunguzia valvu.

Kuna na plagi. Kwenye gari hili zina tabia ya kulegea, na ikilegea sana hurushwa pamoja na nyuzi za kichwa cha silinda. Zikazwe kwa toki renchi, kwa kipimo kilichosahihishwa cha Honda na siyo kile cha kitabu cha mwanzo, zikaguliwe kila huduma. Mkono peke yake hautoshi, hata uwe mkono wa miaka 30.

Halafu lile kosa la dereva. Anatoka gia ya 3 kwa mizunguko 8,500, anataka ya 4, mkono unaangukia ya 2. Kifaa cha kuzuia mizunguko hukata petroli tu; magurudumu yakiizungusha injini hakina la kufanya. Vikombe vinavyoshika springi za valvu kwenye AP1 za mwanzo hupasuka hapo, pengine si siku hiyo, pengine baada ya miezi 6. Kabla ya kulipa, mfuniko wa valvu ufunguliwe, tochi na kioo kidogo vitumike, kila kikombe kitazamwe kama vile vikabari viwili vimezama kuliko vya jirani. Dakika 40 za kazi. Muuzaji akikataa, umepata jibu bila kufungua. Wenye AP1 wengi wameshaweka vikombe vya AP2, na ni jambo jema. Hilo ni badiliko moja ambalo halishushi bei.

Gia boksi: jaribu ya 2 ikiwa baridi na tena ikiwa ya moto. Ikikoroma ukiiingiza haraka, sinkronaiza imekwisha. Mizunguko ikifika kama 6,000 unatakiwa usikie injini ikibadilika sauti na kuvuta upya. Isipobadilika, pima oili kwanza, kisha swichi na chujio dogo la VTEC (mfumo wa Honda unaobadilisha ufunguaji wa valvu), kabla hujatangaza injini mbovu. Na msiijaribu ikiwa baridi, kwa makusudi haifunguki mpaka ipate joto.

Hiki cha tatu mezani kinahusu Tanga hasa. Ni bolti ya mkono wa chini wa nyuma, ile ya kupimishia alaimenti, imekatwa kwa gurainda pamoja na bushi yake. Mnaona? Bolti na pete ya chuma ya bushi vimekuwa kitu kimoja. Kutu imevishonesha. Gari la hivi halipimiki alaimenti, tairi za nyuma zinaliwa ndani, na mkia wake unakuwa mwepesi kuchomoka kwenye kona, na AP1 kwa asili yake mkia haukuhitaji msaada. Hali hii hutokea popote penye chumvi. Ulaya na sehemu za kaskazini mwa Japani ni chumvi ya barabara wakati wa theluji. Hapa ni upepo wa bahari, mwaka mzima. Gari linalolala Raskazone, kando ya bahari, nje ya ukuta linakula chumvi kila usiku. Kila mwaka, kabla ya masika, bolti hizo zilegezwe, zipakwe grisi ya kuzuia kutu, zirudishwe kwenye alama zake. Kazi ya asubuhi moja.

Tairi, tukiwa hukohuko nyuma. AP1 za mwanzo zina 205/55R16 mbele na 225/50R16 nyuma. Mtu akiweka saizi moja pande zote kwa kuwa ndizo zilizokuwa dukani, tabia ya gari imeharibika, na mnunuzi anayejua atauliza nini kingine kilirahisishwa.

Paa la turubai lina mifereji miwili ya maji, kushoto na kulia nyuma ya viti. Majani ya mwembe na mchanga yakiziba, mvua ya masika inaingia sakafuni, inakaa chini ya kapeti, na sakafu inaoza kutoka ndani wakati rangi ya nje inang'aa. Ingiza waya laini wenye plastiki, mimina nusu kikombe cha maji, uone yanatokea chini. Ukiwa unanunua, inua kapeti nyuma ya kiti na uguse kwa mkono. Unyevu hauna utetezi. Magari ya mwanzo yana dirisha la nyuma la plastiki, linalofubaa na kupasuka kwenye mkunjo, na ya kuanzia 2002 yana kioo. Paa likihifadhiwa, lihifadhiwe likiwa limefungwa, si limekunjwa.

Na banda: zege chini, si udongo. Kifuniko cha kitambaa kinachopumua. Lile turubai la bluu la nailoni linazuia mvua na linatengeneza jasho, na jasho la Tanga lina chumvi. Liendeshwe dakika 20 kila wiki mbili, mpaka oili ipate moto kweli, maana kuliwasha na kulizima kunaacha maji ndani ya eksozi. Panya hupenda waya za nyuma ya injini. Na matuta: nafasi kati ya tumbo lake na barabara ni sentimita 13 hivi, kwa hiyo ile barabara mnayoipita kila siku na Noah, pitieni kwanza kwa mguu.

Kwa anayeagiza Japani pamoja na yote tuliyosema, karatasi ya mnada aisome mwenyewe. Daraja la 4 na 4.5 ndilo la kutafuta. R au RA maana yake lilipata ajali likanyooshwa, na kwa gari la kuweka thamani hilo limekwisha, hata lingeng'aa vipi. Kwenye mchoro wa bodi, W ni palipotengenezwa, XX ni kilichobadilishwa, S ni kutu, C ni palipoliwa. S nyingi chini ya gari zikupe shaka kuliko A za mikwaruzo juu. Yeni ilipoanguka mpaka karibu 160 kwa dola mwaka 2024, wengi walidhani magari yamekuwa rahisi. Wanunuzi wa nchi nyingine nao wana dola, na minada ilijirekebisha.

Kadi ya gari ilingane na namba ya chesisi na ya injini. Injini isiyo F20C kwenye gari la AP1, hata ikiwa bora, inalitoa kwenye hesabu hii yote. Bima kubwa ichukuliwe kwa thamani mliyokubaliana na kuandikiana, yenye picha na ripoti ya mthamini. Vinginevyo siku ya ajali utalipwa kama mwenye gari la mwaka 2001, na kweli ni la 2001.

Huko mbele tunaonaje? Lililo safi, lisiloguswa, lenye kumbukumbu za huduma, litashikilia bei na huenda likapanda polepole, kwa sababu yanazidi kuanguka na kukatwa spea, na walioliona wakiwa watoto sasa wana mishahara. Lililobadilishwa litakuwa linashuka na kupanda na bei ya spea zake. Baadhi ya spea zimeshaacha kutengenezwa, na hilo linakata pande mbili: linapandisha gari zima na kuliua bovu. Lakini hati fungani za muda mrefu za Serikali, zinazouzwa na Benki Kuu, zimekuwa zikilipa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, hazili oili, hazina mfereji wa kuziba. Mwenye pesa za ada za watoto aende huko. Na mwenye kutaka kununua Januari akauze Juni, mji wetu una sifa ya waja leo waondoka leo, lakini mnunuzi wa S2000 anaweza kuchukua mwaka mzima kufika.

Gari liko nje chini ya mwembe, limelala hapo tangu jana jioni, injini ni baridi. Mfuniko wa valvu umeshalegezwa. Wenye filageji zao, vile vipande vya kupimia nafasi, watangulie, tupime valvu kabla jua halijaifikia boneti, kisha ndipo tutaliwasha msikilize tenshena.